Nani Ashike Namba Kuu ya Lango?

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako zamani mgeni alibisha hodi akangoja mlinzi atoke kibandani na bunda la funguo mkononi, leo mtu husimama mbele ya kibao kidogo chenye vitufe kumi na viwili, kilichokazwa kwa skrubu kando ya geti, akabonyeza tarakimu alizopewa na mwenyeji wake, taa ya kijani ikawaka, kitasa kikaachia, naye akapita pasipo kuulizwa jina wala haja iliyomleta. Mafundi hukiita kibao hicho kipadi. Kimeenea katika majumba ya ghorofa, ofisi, shule na maghala ya dawa, na kwa kuwa kina nyaya, betri na taa, wengi walionunua wamekichukulia kuwa ni jambo la umeme tu, wakalikabidhi lote kwa fundi tangu mwanzo hadi mwisho. Nia ya makala haya ni kubainisha kwamba kukifunga kibao ukutani ni kazi ya fundi, walakini kukipangia namba ni mamlaka ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asiyeyashika mamlaka hayo hana lango, ijapokuwa hati ya kiwanja ina jina lake na picha yake.

Watu wa mwambao ni wakongwe katika ilimu ya milango. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na katika mji wa kale wa Lamu, uliofuata mwaka 2001, bado waweza kuona mbao mbili nzito zikikutana kwenye mfaa ulionakishiwa, na ukiangalia kwa makini utaona pia vyombo vya kuufungia mlango ule: pingo na komeo kwa upande wa ndani, riza na tumbuu kwa upande wa nje, na kufuli la chuma likining'inia. Kila chombo kilikuwa na haja yake. Pingo lilikuwa la aliye ndani peke yake, kufuli la aliyetoka, na funguo zilikuwa mbili au tatu, ikijulikana yakini kila mmoja uko mkononi mwa nani. Mwenye nyumba aliposafiri alimwachia jirani ufunguo, na aliporejea aliuomba ukarudishwa. Ukipotea, kufuli lilibadilishwa siku ileile. Amana ya namna hiyo ilishikika, ilihesabika na ilirudishwa.

Namba haina sifa hizo. Aliyeambiwa namba hawezi kuirudisha hata akitaka, maana hapana awezaye kuuamuru moyo wake usahau. Naye aweza kumpa wa pili, na wa pili akampa wa tatu, pasipo wa kwanza kupungukiwa na kitu wala mwenye nyumba kupata habari. Njia ya kumwondolea mtu ruhusa ya kuingia ni moja tu, nayo ni kuifuta namba yake ndani ya kibao chenyewe, na hakuna awezaye kuifuta ila yule anayeijua namba moja iliyo juu ya nyingine zote, ambayo haifungui mlango bali hukifungua kibao kipokee amri. Hiyo ndiyo namba kuu. Nani anayo, nani aliiweka, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini: haya ndiyo maswali matatu ambayo kila mwenye lango la vitufe hana budi kuyajibu pasipo kumpigia mtu simu.

Kifaa chenyewe si cha kutisha. Ndani yake mna kipande cha kumbukumbu kinachohifadhi namba hata umeme ukikatika, na mna relei, yaani swichi ndogo inayojiendesha kwa umeme, ambayo kila namba iliyobonyezwa ikilingana na mojawapo ya zilizohifadhiwa hufunga au kukata njia ya umeme wa volti 12 unaokwenda kwenye kitasa. Mpangilio wa vitufe, 1, 2 na 3 safu ya juu na 0 chini, nao haukuzuka kwa bahati. Wataalamu wa maabara za Bell nchini Marekani walizijaribu namna nyingi za kupanga vitufe vya simu, nyingine za safu mbili na nyingine za duara, wakapima kasi ya watu na makosa yao, na matokeo yakachapishwa na R. L. Deininger mwaka 1960. Simu za vitufe zilianza kuuzwa kwa umma katika jimbo la Pennsylvania mwezi Novemba 1963 zikiwa na vitufe kumi. Nyota (*) na reli (#), ambazo leo ndizo mlango wa kuingilia katika upangaji wa kibao cha geti, ziliongezwa mwaka 1968.

Kwa hiyo vidole vyetu vimekwisha kulisoma somo hili pasipo sisi wenyewe kujua. Mtu apigaye nyota 150 nyota 00 reli ili atume fedha, au aingizaye tarakimu 20 za umeme wa LUKU katika mita, anafanya kazi ya jinsi ileile. Na zaidi ya hayo, mwaka 2024, mita za malipo ya kabla zilipolazimika kubadilishiwa ufunguo wao wa ndani katika nchi nyingi za dunia, wateja wa umeme wa Tanzania waliingiza kwa mikono yao safu za ziada za tarakimu 20, wazee na vijana, wasomi na wasiokwenda shule, na kwa kitendo kile kila mmoja wao aliipanga upya mashine iliyo ukutani kwake. Baada ya hayo sioni ni nani awezaye kusema kwa haki kwamba kukipangia namba kibao cha geti ni jambo lililompita kimo.

Na tumtazame fundi akiwa kazini. Hubonyeza nyota, akaandika namba kuu iliyotoka kiwandani, akamaliza kwa reli. Taa nyekundu iliyokuwa imetulia huanza kupepesa, ishara kwamba tangu hapo kibao kimeacha kungoja mgeni na kinangoja amri. Katika aina zilizoenea sana madukani, 1 ni amri ya kuongeza mtu: huandikwa 1, kisha namba ya nafasi yake, tuseme 5, kisha reli, kisha namba ya siri atakayoitumia, kisha reli tena. Amri ya 2 hufuta, na ya 4 huweka ni sekunde ngapi kitasa kikae wazi, aghalabu tano. Amri ya 0 hubadilisha namba kuu yenyewe, nayo hudai namba mpya iandikwe mara mbili ili isije ikaingia na kosa. Mwisho nyota hubonyezwa, taa ikatulia. Watengenezaji hutofautiana katika amri hizi, hivyo kijitabu kilichokuja ndani ya boksi ndicho hakimu, na yafaa kihifadhiwe wala kisitupwe pamoja na maboksi. Lakini kazi nzima ya kumwandikia mtu mmoja namba yake haizidi nusu dakika.

Katika nyumba moja ya Tabata nilishuhudia kazi hii ikifanywa na fundi kijana, mwenye adabu na mwepesi wa mikono, aliyemuuliza mama mwenye nyumba namba aitakayo, akaiingiza, akaijaribu mara kadhaa lango likafunguka vizuri, akaanza kukusanya bisibisi zake. Mama akamwuliza, "Na ile namba kubwa uliyoanza nayo, mwanangu, ni ipi?" Fundi akamjibu kwa upole, "Hiyo usihangaike nayo, mama. Ipo ileile ya kiwandani. Siku ukitaka kuongeza mtu, utanipigia tu nije." Hapakuwa na hila katika maneno yale, kijana alidhani anamsahilishia mama kazi. Walakini namba ile ya kiwandani, ambayo katika vibao vingi ni 123456, na katika vingine 888888 au 0000, imechapishwa katika kijitabu cha kila kibao cha aina ile kilichouzwa duniani. Anayeijua si fundi huyo peke yake. Anaijua kila fundi, kila msaidizi wa fundi, na kila aliyewahi kununua kibao cha namna hiyo. Na yeyote kati yao akipita usiku wa manane, kwa nusu dakika ileile niliyoitaja aweza kujiandikia namba yake mwenyewe, akaenda zake, akarudi baada ya mwezi. Mwenye nyumba hataona dalili. Vibao vya kawaida havina kioo cha kuonyesha orodha ya waliomo, wala havina njia ya kumwambia mwenyewe kwamba ameongezwa mtu asiyemjua.

Nasema tena kwa kuwa jambo hili lanikera kwa dhati: lango lenye namba kuu ya kiwandani lina ulinzi duni kuliko lango la komeo, kwa sababu komeo halimdanganyi mwenyewe akalala usingizi wa amani.

Namba kuu basi na ibadilishwe siku ya kwanza, fundi akiwa angali hapo, lakini si kwa mkono wake wala mbele ya macho yake, na iwe ndefu kadiri kibao kinavyoruhusu, tarakimu sita au nane. Iandikwe katika karatasi na kuwekwa mahali zinapowekwa hati za nyumba, na awepo mtu wa pili katika jamaa anayepajua mahali hapo, maana mauti na safari hazipigi hodi. Wako wanaoogopa kuibadilisha wakihofu kwamba wakiisahau watakuwa wamejifungia nje ya amri zao wenyewe. Hofu hiyo haina msingi. Karibu kila kibao kina njia ya kukirejesha katika namba ya kiwandani: umeme huzimwa, kitufe fulani hushikiliwa au vijiti viwili vya ndani huunganishwa, umeme ukawashwa tena, na aghalabu namba za watu waliomo hubaki salama. Kijitabu hueleza.

Lakini msomaji mwenye nadhari atauliza hapohapo: ikiwa mimi naweza kukirejesha, mwizi atashindwaje? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo linalopambanua ufungaji mzuri na ufungaji wa harakaharaka. Kibao cha bei nafuu kina ubongo na relei ndani ya gamba lilelile lililoko nje ya ukuta, hivyo anayefaulu kukibandua amezifikia nyaya za kitasa, na akiziunganisha mbili zinazohusika lango litamfungukia pasipo namba yoyote. Dawa ni kununua aina ambayo vitufe tu ndivyo hukaa nje, ilhali kidhibiti chenye kumbukumbu na relei hukaa ndani ya nyumba, nyaya za nje zikiwa hazibebi ila ujumbe wa tarakimu. Gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa nyumba yenye mali au ofisi yenye nyaraka za watu, sioni udhuru wa kuikwepa. Asiyeweza, na ahakikishe walau kwamba swichi ya kuzuia kubanduliwa imeunganishwa na king'ora, kwani vibao vingi huwa nayo, na mafundi wengi huiacha pasipo kuiunganisha.

Tuje sasa kwenye namba za watu. Tarakimu nne huzaa namba 10,000, tangu 0000 hadi 9999. Sita huzaa 1,000,000. Desturi ya kutumia nne ina asili yake: John Shepherd-Barron, aliyesimamia mashine ya fedha iliyofunguliwa na benki ya Barclays huko Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, alisimulia baadaye kwamba alikuwa amekusudia tarakimu sita, mkewe Caroline akamwambia mezani kwamba yeye hawezi kukumbuka zaidi ya nne, na tangu siku hiyo nne zikawa ada ya nusu ya dunia. Namba 10,000 zingetosha kwa lango la nyumba, laiti watu wangezitumia zote. Hawazitumii. Mwaka 2012 mchambuzi Nick Berry alizipitia namba milioni 3.4 za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja hadharani, akakuta 1234 peke yake imechukua karibu 11 kwa mia, 1111 zaidi ya 6, na namba ishirini zilizopendwa kuliko zote zikijumlishwa zinazidi robo ya jumla yote. Maana yake ni kwamba mgeni mbaya mwenye subira ya kubonyeza namba ishirini tu anaingia katika robo ya malango, ikiwa wenye malango huchagua kama walivyochagua watu wale. Na mwaka wa kuzaliwa, ambao wengi wetu huupenda, unaanza kwa 19 au 20 na haubakishi ila tarakimu mbili za kubahatisha.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo katika hesabu bali katika jicho. Katika jengo moja la ghorofa huko Upanga nilikitazama kibao cha lango la chini kwa muda mfupi tu, jua la alasiri likikimulika kwa upande: vitufe vinane vilikuwa na maandishi meusi yaliyokolea na vumbi jembamba juu yake, ilhali 2, 5, 8 na 0 viling'aa kwa mafuta ya vidole, na ya 5 ilikuwa imefutika nusu. Jengo zima lilikuwa likitumia namba moja. Aliyezijua tarakimu nne zilizotumika hahangaiki tena na namba 10,000, kwa kuwa tarakimu nne mbalimbali hupangika kwa njia 24 tu, nazo hujaribiwa zote kwa dakika mbili. Ajabu ni kwamba vikichakaa vitufe vitatu badala ya vinne, yaani tarakimu moja imerudiwa, njia huongezeka zikawa 36. Ongezeko dogo, wala si kinga. Kinga ya kweli ni watu kuwa na namba mbalimbali, vitufe vyote vikachakaa sawasawa, na kibao kufutwa kwa kitambaa kila juma.

Vibao vingi vina uwezo wa kujifunga kwa dakika 10 baada ya majaribio 10 mabaya, lakini aghalabu uwezo huo hutoka kiwandani ukiwa umezimwa, na fundi asiyeambiwa hauwashi. Tofauti yake ni kubwa. Mtu ajaribuye namba moja kwa sekunde tano atazimaliza zote 10,000 kwa muda wa saa 14. Kibao kikijifunga kwa kanuni hiyo, zitamchukua kama siku saba na nusu mchana na usiku, akiwa amesimama wazi mbele ya geti la watu. Afadhali pia kununua kibao kinachodai reli baada ya kila namba. Visivyodai hupokea tarakimu mfululizo kama zinavyokuja, na wanahesabu wamekwisha kuonyesha kwamba kwa kuzipanga tarakimu kwa ustadi, mabonyezo 10,003 hutosha kuzipitia namba zote za tarakimu nne, badala ya mabonyezo 40,000.

Sasa nalifikia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni insafu kwa watu wanaotutumikia. Katika nyumba nyingi namba ya lango ni moja: anayo baba, mama, watoto, dada wa kazi, mlinzi, mwosha magari, mleta maji, na dada wa kazi aliyeondoka mwaka jana. Siku kitu kikipotea, hapana awezaye kusema ni nani aliingia, na kwa kuwa shaka ni kama maji, hutafuta mahali palipo chini, itamwangukia aliye dhaifu kuliko wote. Ataitwa dada wa kazi, atapekuliwa mfuko, atafokewa mbele ya majirani, pengine atapelekwa kituoni, naye hana ushahidi wa kujitetea. Lau angekuwa na namba yake mwenyewe, na kibao kikawa cha aina inayohifadhi kumbukumbu ya nani aliingia saa ngapi, ushahidi ungemtetea kabla hajafungua kinywa. Na hata kama kibao hakihifadhi kumbukumbu hiyo, namba yake kufutwa siku aliyoacha kazi ni stara kwake: kitu kikipotea mwezi unaofuata, yeye hahusiki, na kila mtu anajua kwamba hahusiki.

Njia ya kulitimiza hili ni sahili. Kwa kuwa kibao kinamtambua kila mtu kwa namba ya nafasi yake, mwenye nyumba aweke daftari, ukurasa mmoja wa kutosha, aandike nafasi ya 1 ni ya nani, ya 2 ni ya nani, na tarehe ya kupewa. Namba za siri zenyewe zisiandikwe humo. Kila mtu na aje kibaoni achague na kuibonyeza namba yake mwenyewe pasipo kuitamka, ili hata mwenye nyumba asiijue. Mtu akiondoka, nafasi yake hufutwa kwa amri ya 2 na jina lake kukatwa daftarini siku ileile, kwa amani, kama vile angerudisha ufunguo. Mgeni wa siku tatu apewe nafasi ya kando, nayo ifutwe akisafiri. Pasipo daftari, kufuta huwa muhali: vibao vingi hudai namba ya nafasi, au namba ya siri yenyewe, na asiyejua mojawapo analazimika kufuta wote na kuanza upya. Najua kamati za majengo ya ghorofa zitasema kwamba wapangaji ni wengi. Vibao vya kawaida hubeba watu 1,000 na zaidi. Uwingi wa watu si udhuru, na kamati inayoweza kukusanya fedha za usafi kila mwezi kwa majina yaweza kuandika daftari la nafasi.

Baada ya namba kuna uhai. Vitasa vya umeme ni vya tabia mbili zinazopingana. Kuna sumaku ya umeme, ambayo hubana mlango maadamu umeme unapita na huuachia ukikatika. Zile ndogo zilizoenea huhimili mvuto wa kilo 280 hivi. Na kuna kitasa ambacho hubaki kimefungwa umeme ukikatika, kikifunguka tu kinapopelekewa umeme. Katika miji yetu, ambako umeme hukatika, mwenye kutumia sumaku pasipo betri hulala lango likiwa wazi kila giza linapoingia. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 7, ikiwa mpya, yaweza kushikilia sumaku ya aina hiyo kwa muda wa saa kumi hivi, kwa kuwa sumaku hula kama nusu ampea daima dawamu. Lakini joto ni adui wa betri, na ile iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati lipigwalo na jua huzeeka upesi mno. Ijaribiwe kila baada ya miezi michache kwa kuzima umeme kwa makusudi na kuangalia saa.

Wapo basi wanaokimbilia kitasa cha tabia ya pili, wakisema hicho hakifunguki ovyo. Kwa geti la nje hawana kosa. Kwa mlango ambao watu wamo ndani yake, iwe ofisi, bweni, hosteli au ngazi za ghorofa, kitasa hicho kisiwekwe ila kwa sharti moja lisilojadiliwa: kwamba aliye ndani aweze kutoka kwa kuzungusha mkono wa kitasa tu, pasipo namba, pasipo kadi, pasipo umeme. Moto hauwapi watu nafasi ya kukumbuka tarakimu. Katika moshi mzito mtu haoni hata vitufe, na mtoto havifikii. Palipo na sumaku, pawe na kitufe cha kutokea upande wa ndani ambacho hukata umeme wa sumaku moja kwa moja, wala si kukiomba kibao kiukate. Na king'ora cha moto kikilia, umeme huo ukatike wenyewe. Nimeona mabweni yenye nondo madirishani na kibao cha vitufe upande wa ndani wa mlango, kwa nia njema kabisa ya kuwazuia wanafunzi kutoka usiku. Kibao kama hicho kiondolewe leo, kisingoje kikao cha bodi.

Kwa wakaao karibu na bahari niongeze neno fupi. Chumvi ya hewani hula nyaya na vitufe vya chuma kwa upesi wa kusikitisha, hivyo wachague kibao chenye alama ya IP65 au zaidi, wakiinamishie kofia ya kuzuia mvua, na tundu la nyaya nyuma yake lizibwe kwa silikoni, maana sisimizi hupenda kufanya masikani humo. Tena wamwulize fundi kama ameweka daiodi kwenye nyaya za kitasa. Ni kipande kidogo cha bei ya chini kabisa, nacho huizuia sumaku, kila inapokatiwa umeme, isirushe msukumo unaoiunguza relei. Vibao vingi vinavyotupwa kwa kudhaniwa kuwa vibovu vilikufa kwa kukosa kipande hicho.

Ewe msomaji uliye na lango la namna hii, au unayetarajia kulifunga, nakusihi ufanye mambo haya kabla ya Jumapili kwisha. Tafuta kijitabu, na kama kimepotea, soma jina na aina ya kibao chako ubavuni mwake, umwombe muuzaji nakala. Bonyeza nyota, andika namba ya kiwandani, maliza kwa reli. Taa ikianza kupepesa, ujue kwamba lango lako liko mikononi mwa kila mtu, na uibadilishe namba kuu palepale kabla hujaingia ndani. Na kama fundi wako bado anakudai, usimmalizie salio lake mpaka uwe umeingiza namba kuu mpya kwa kidole chako, ukaongeza mtu mmoja, ukamfuta, ukazima umeme, na ukatoka mlangoni gizani pasipo kubonyeza chochote.